Usiwaulize Kama Wameelewa

Saumu,

"Binadamu kwa asili yake huogopa mabadiliko. Kazi ya meneja ni kumtuliza mfanyakazi mpaka azoee."

Hivyo ndivyo inavyoanza karatasi uliyoniletea juzi, ile utakayoisoma Jumatatu asubuhi mbele ya wafanyakazi wa kiwanda cha Thika unakokwenda kuanza kazi. Ulinipa huku unacheka, ukaniambia, "Mama, ninyooshee Kiswahili tu. Mawazo yaache kama yalivyo." Nikakwambia sawa. Nilikuwa nakudanganya, na wewe ulijua, maana hukunijua jana. Kiswahili chake nimekinyoosha kwa kalamu ya kijani, hakina ubaya mkubwa. Mawazo yake ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani tangu ulipotoka adhuhuri kwenda Utange kumuaga shangazi yako.

Kwanza, ni uongo. Aliyeandika maneno hayo, huyo mshauri wenu, hajakaa na watu. Bibi yako alihamia hapa Junda nyumba zikiwa za kuhesabu kwa vidole, na leo ana wapangaji kutoka Machakos na Kisii, amejifunza kula githeri yao na wao wamejifunza kukanda mahamri jikoni mwake. Mjomba Bakari wa Likoni alikuwa amepita miaka hamsini alipojifunza simu ya kugusa ili amwone uso bintiye aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Ilimchukua siku mbili. Kiwandani kwetu Changamwe, mashine ya kujazia mafuta chupani ilibadilishwa mara tatu nikiwapo, na mara zote tatu wanawake wa laini yetu waliimudu kabla fundi aliyeileta hajafunga sanduku lake la spana. Hao ndio wanaoambiwa kuwa wana asili ya kuogopa?

Mtu akiogopa jambo kazini, woga wake una anwani. Anaogopa kitu fulani, mahali fulani, saa fulani, na mara nyingi anaogopa kwa kuwa anaijua kazi hiyo kuliko yule anayesimama kumweleza. Ukishasema ni asili yake, umejipa ruhusa ya kutomsikiliza. Sentensi hiyo iliandikwa kwa ajili ya ruhusa hiyo. Naijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuitumia mimi mwenyewe, na kuna mtu haoni mpaka leo kwa sababu niliitumia.

Jambo hili nimekuficha miaka kumi na miwili. Habari za blanketi, baridi ya Thika, nyumba ya kupanga na wenye nyumba wakorofi, hizo baba yako amekuandikia orodha na ameirudia mara tatu. Mimi nina hili moja. Lisome lote, usiruke mistari kama unavyoruka barua zangu za magazetini.

Ulikuwa darasa la saba. Unakumbuka nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mafuta ya kupikia. Nilianza pale nikifunga katoni, na saa ya chakula nilikuwa nakaa juu ya katoni hizo hizo nikisoma kitabu chochote kilichonifikia, mpaka wenzangu wakaniita Profesa wa Maboksi. Nilikuwa na mdomo. Choo kikiharibika, nasema. Mtu akifukuzwa kwa uonevu, nasema. Wakubwa wakanipandisha cheo, na nadhani walijua wanachofanya. Ukimpa mtu mwenye mdomo ufunguo na jaketi lenye jina lake kifuani, huanza kuulinda mdomo ule. Nami nililipenda jaketi lile, Saumu. Nalitaja kwa sababu na wewe umepewa lako, nimeliona limekunjwa juu kabisa ya sanduku.

Upande wa matangi palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Zamu ya mchana iliisha saa kumi na mbili jioni, lakini zamu ya usiku iliingia robo saa kabla. Kwa robo saa ile zamu mbili zilikuwa ndani pamoja, na kila mtu alimtafuta mwenzake wa tangi lake. Anayetoka alishika bomba la tangi kwa kiganja, anayeingia akaweka kiganja chake pembeni, na hapo ndipo habari ilipopita: tangi lina nini, limechemka kiasi gani, lina tatizo gani leo. Mwisho anayetoka alisema, "Nimekukabidhi." Yule mwingine, akiwa ameridhika, alijibu, "Nimepokea." Kabla ya neno hilo hakuna aliyeondoka, hata gari la wafanyakazi likipiga honi mpaka likachoka.

Tangi la nne lilikuwa la Mutua mchana na la Mjomba Bakari usiku. Mutua alikuwa Mkamba wa Chaani, kijana mrefu, mwimbaji wa kwaya. Bakari ni wa Likoni, wa watu wa mashamba, yule aliyekuwa akikuletea mihogo kila Ijumaa. Kila jioni walianza kwa kutaniana.

"Mzee, leo huyu amenuna," Mutua alimwambia, mkono juu ya bomba.

"Umemfanya nini? Mimi nikikaa naye usiku kucha hanuni. Ni weye na nyimbo zako."

"Nyimbo anazipenda. Anachochukia ni harufu ya papa unayokuja nayo."

"Papa humjui weye, wajua kunguru tu. Haya, nipe habari. Ana nini?"

"Ana kostiki. Wamemwaga saa tisa, inachemka mpaka alfajiri. Usimguse mlango wa chini."

"Simgusi. Nimepokea."

Kostiki ni yale maji makali ya kuoshea matangi. Yakiwa ya moto, huondoa mafuta yaliyoganda kwenye chuma, na huondoa ngozi kwenye mfupa. Kila tangi lilioshwa hivyo mara moja baada ya wiki kadhaa, bila ratiba maalumu. Maabara ikiamua, linaoshwa. Ndiyo maana habari ile ilihitaji mdomo na sikio.

Siku moja meneja alituita wasimamizi ghorofani. Hakuwa mtu mbaya, usije ukanielewa vibaya. Alikuwa mpole, mtu wa Nairobi, anatuita "timu". Akatuonyesha kishikwambi, akasema kuanzia mwezi ujao makabidhiano yatafanywa kwa hicho. Anayetoka atabonyeza visanduku vya tangi lake, anayeingia atavisoma. Zamu hazitakutana tena; moja itatokea lango la mbele na nyingine itaingilia la nyuma. Kisha akatuambia karibu neno kwa neno yale uliyoniletea wewe: watu huogopa mabadiliko, msibishane nao, watulizeni.

Sikuuliza kwa nini. Mimi, ambaye nilikuwa naandikia magazeti kuhusu viongozi wasioulizwa maswali, nilikaa kwenye kiti kile cha ngozi nikanywa chai yao na sikuuliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba kampuni ilikuwa na wenyewe wapya, wako mbali, na walitaka kuona kila tangi kwenye kompyuta huko waliko. Hiyo ni sababu inayoelezeka. Ningeweza kuwaambia watu: "Wenye kiwanda wanataka kuona kazi yetu wakiwa kwao, ndiyo maana." Bakari angecheka, angesema, basi waje wanuse na papa. Lakini sikuijua, na nilipoulizwa kantini nikatunga yangu. Nikasema ni kwa ajili ya usalama wenu.

Fikiria neno hilo, halafu uendelee kusoma.

Mkutano ulikuwa wa dakika ishirini. Watu wa zamu ya usiku walikuwa wameitwa mchana, wana usingizi, na hao wengine wana njaa. Nikasoma karatasi. Nilisoma vizuri, nina sauti nzuri ya kusomea. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu pamoja, "Tumeelewa." Nikauliza kama kuna swali. Kimya.

Wewe umezaliwa huku, nisikueleze kimya kile. Mtu mzima wa pwani hatasimama mbele ya vijana wanaoweza kuwa wanawe aseme hajaelewa. Ni aibu kwake, na pia ni kukuaibisha wewe unayesoma, maana ni kama kusema hukueleza vizuri. Na mgeni wa bara hatauliza kwa sababu anaogopa kuonekana mkaidi katika mji wa watu. Basi wote watasema wameelewa, kwa heshima, na wewe utashuka pale jukwaani ukidhani umefanya kazi. Mimi nililijua hilo. Meneja wa Nairobi ana udhuru, mimi sina. Nililelewa ndani ya kimya hicho, na siku ile nikakiita makubaliano kwa kuwa kilinifaa.

Kisha nikapitisha orodha. Juu yake palikuwa pameandikwa: "Nimeelezwa na nimeelewa." Kila mtu akatia sahihi.

Nilikuwa nashika njia ya ofisini nikasikia naitwa nyuma.

"Mama Saumu."

"Abee, mjomba."

Bakari alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Alingoja mpaka wengine wakapita.

"Nina neno dogo. Hicho kidude nimekitazama. Kwa tangi kina visanduku viwili tu. Kimoja chasema lina mafuta, cha pili chasema tupu."

"Ndiyo."

"Sasa tukiosha kwa kostiki, Mutua atabonyeza wapi?"

Swali hilo, Saumu. Maneno saba. Watu waliokaa miezi wakitengeneza kitu kile hawakulifikiria, na mzee aliyesoma mpaka darasa la nne alilipata kwa kukitazama mara moja. Na lilikuwa na anwani: tangi, siku ya kuoshwa, kidole cha Mutua. Kama ningelichukua swali lile nikapanda nalo ghorofani, lingehitaji kisanduku kimoja zaidi.

Nikamgusa bega nikacheka. Nikamwambia, "Mjomba nawe, mabadiliko hayaui mtu. Mtazoea."

Akavaa kofia. "Haya, mwanangu. Inshallah tutazoea."

Wiki tatu zilipita, na ningekuwa na akili ningezisikia. Kiwanda kilikuwa na kelele zake zote za mashine, lakini ile robo saa ya jioni ilikuwa imekufa. Zamu ya mchana ilitoka mbele bila kumwona mtu. Zamu ya usiku iliingia nyuma ikakuta matangi yanachemka yenyewe, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama na kuacha moto jikoni. Watu walianza kutembea polepole kati ya mabomba. Nilimwona Bakari anaweka kiganja kwenye bomba la tangi la nne, anasimama hapo peke yake, kisha anaondoa mkono. Hakuwa na wa kumjibu. Mutua akawa anachelewa kutoka, anazungukazunguka karibu na lango la nyuma, mpaka mlinzi akamwandikia barua ya onyo, nami nikaitia sahihi. Hesabu ghorofani zilikuwa nzuri. Meneja alisema upande wetu ndio uliotulia kuliko pande zote, na akanipongeza mbele ya timu. Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika.

Siku ilipofika, maabara iliamua tangi la nne lioshwe. Kostiki ilimwagwa mchana. Saa ya kutoka Mutua alisimama mbele ya kishikwambi, akaulizwa: lina mafuta, au tupu? Mafuta hayakuwamo. Akaona akibonyeza "lina mafuta" atakuwa amesema uongo, na pampu itakuja kuivuta kostiki. Akabonyeza kile kingine. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale muda mrefu, na mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamwambia, "Bonyeza twende, bwana, gari litatuacha."

Bakari aliingia akasoma: tupu. Tangi tupu hukaguliwa ndani kabla ya kujazwa, na hukaguliwa kupitia mlango wa chini. Kwa tangi tupu hakuna haja ya miwani ya kazi, na joto la chuma halikumshtua, maana tangi lililotoka kutolewa mafuta hubaki na moto kwa saa nyingi. Akainama. Alipolegeza nati ya pili, mlango ukajibu.

Sitakuandikia nilichokikuta. Nilisikia sauti nikiwa mbali, na kabla sijafika nilikuwa nimeshajua ni tangi gani.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sijamwambia mtu, hata baba yako. Watu wa uchunguzi walikuja, wakakaa ghorofani, wakaniita. Mezani palikuwa na ile orodha ya sahihi. Ya Bakari ilikuwa ya sita, imeandikwa kwa taratibu, kila herufi imesimama peke yake. Wakaniuliza kama wafanyakazi walielezwa. Nikasema walielezwa. Wakaniuliza kama waliulizwa iwapo wameelewa. Nikasema ndiyo, na wakajibu ndiyo. Kisha mmoja wao akauliza, kwa upole tu, akitazama kalamu yake, "Kuna mfanyakazi yeyote aliyekueleza wasiwasi kuhusu mfumo huu kabla ya ajali?"

Nikasema hapana.

Ndivyo ilivyoandikwa, na mimi ndiye niliyetia sahihi chini yake: mfanyakazi alipewa maelezo, akathibitisha ameelewa, hakufuata tahadhari. Mtu pekee katika kiwanda kizima aliyeiona hatari ile kwa macho yake ndiye aliyeandikwa kwamba hakufuata tahadhari. Na macho yenyewe alikuwa ameshayapoteza, hakuweza hata kuisoma taarifa hiyo.

Miezi miwili baadaye nikaacha kazi. Nyumbani nilisema nimechoka. Nikafungua duka la vitabu Mtopanga, nikarudia kuandika kwa ukali kuliko kwanza, nikigombana na kila aliyeshika cheo, na watu wakasema huyu mwanamke hana hofu. Walikosea. Nilikuwa mtu mwenye hofu anayepiga kelele asisikie kitu kimoja.

Mwaka ule ule nilivuka kwa feri kwenda Likoni kumtazama. Nilimkuta barazani anamenya mihogo. Alikuwa anamenya haraka kuliko mimi. Mutua alikuwepo, amekuja na sukari. Alikuwa ameacha kazi siku ya pili tu baada ya ajali, na mpaka leo huvuka kila mwezi, hukaa na mzee, na ikiangukia Ijumaa humshika mkono mpaka mlango wa msikiti, halafu yeye hungoja nje.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ni Mama Saumu huyo. Mtoto hajambo? Yuwasoma?"

"Yuwasoma, mjomba."

"Asome." Akamenya. Kisha akauliza, "Kile kisanduku, walikiongeza?"

Nikamwambia waliongeza. Wiki ile ile ya ajali, kisanduku cha tatu. Kiliandikwa "kuoshwa".

"Alhamdulillahi. Kazi ya siku moja, eh?"

"Ya saa moja, mjomba."

Mutua alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nikaanza kusema nilichokuja kusema, kwamba nilikuwa nimemsikia siku ile, na kwamba mbele ya wale watu nilikana. Sikufika mwisho. Bakari aliinua kisu kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayemzuia mgeni asimwage maji.

"Nilikuuliza tutabonyeza wapi, ukanambia nitazoea," alisema. "Nimezoea, mwanangu. Usilie."

Akarudi kwenye mihogo yake. Hakuwa ananikejeli, na laiti angekuwa ananikejeli.

Sasa turudi kwenye karatasi yako.

Nimeisoma mara nne. Ukurasa wa pili unasema kwamba "muda usio na tija" kati ya zamu utaondolewa, na taarifa zote zitapita kwenye mashine. Hausemi ni nani aliyepima kwamba hauna tija, wala alisimama wapi alipokuwa akipima. Ukurasa wa tatu unasema kwamba mabadiliko haya ni kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi. Nilikuuliza juzi, kama mtu anayeuliza habari za mvua, sababu yenyewe ni ipi, ukanijibu, "Sijui hasa, Mama, imetoka juu." Na ukurasa wa nne, Saumu, ni orodha ya majina yenye nafasi za sahihi, na juu yake pana maneno yale yale. "Nimeelezwa na nimeelewa." Sikuamini. Nikavua miwani nikaipangusa nikasoma tena. Miaka kumi na miwili, kiwanda kingine, mji mwingine, wakubwa wengine, na karatasi ile imenifuata mpaka mezani kwangu, imeletwa na mwanangu.

Na kuna jambo uliloniambia ulipotoka kule kuwatembelea mara ya kwanza. Ulikuwa umefurahi. Ulisema, "Wafanyakazi wako watulivu sana, Mama. Hawana hata swali moja." Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuuchambua.

Kiwanda chenu ni cha matunda. Hakuna kostiki, utasema. Kuna mvuke. Kuna visu vinavyozunguka. Kuna chumba cha baridi ambacho mlango wake, wewe mwenyewe ulinisimulia kama kichekesho, hufunguka kwa nje tu, na ukiwa ndani mpaka upige teke pembeni, na kila anayeingia huambiwa hivyo na anayetoka. Huambiwa kwa mdomo, katika muda usio na tija. Nilikuuliza kama mashine mpya ina mahali pa kuandika habari ya teke. Uliniambia hiyo ni kazi ya watu wa kompyuta. Huenda yuko mtu Thika leo anayelijua swali hilo, amelishika kwa mikono miwili kama kofia, anangoja Jumatatu upite karibu naye.

Sikwambii uiache kazi. Umeisomea na unaiweza, na mabadiliko mengine ni mema. Mimi si mtu wa kulilia kila chuma chakavu. Nakwambia nilichokilipia. Usisome sababu usiyoijua. Panda ghorofani Jumatatu kabla ya mkutano, uulize, na wakikataa kukwambia, waambie watu waziwazi kwamba hujaambiwa. Watakuheshimu kuliko wakigundua umetunga. Anza na kile wanachopoteza, kitaje kwa jina lake, maana wao wameshakihesabu. Usiwakusanye kantini. Nenda wanaposimama, watu wawili watatu, kwenye mashine yao, wakiwa hawana usingizi. Na usiwaulize kamwe kama wameelewa. Mwambie mtu, "Nionyeshe kesho itakuwaje. Ukifika asubuhi unaanzia wapi? Likitokea hili utabonyeza nini?" Kisha utazame mkono wake. Mkono ukisita, hapo ndipo penye kazi yako. Ukisita, Saumu, umshukuru Mungu, kwa sababu umesita ukiwa unautazama.

Na akija mtu nyuma yako kwa sauti ya chini, simama. Hata ukiwa umechelewa. Hata akiwa anakuchosha. Lichukue swali lake, liandike na jina lake mbele yake, na urudi kwake na jibu kwa miguu yako, hata jibu likiwa ni hapana.

Ukisharudi kutoka Utange leo utaikuta barua hii juu ya sanduku, imelala juu ya lile jaketi. Karatasi yako iko chini yake. Kiswahili kimenyooka. Ukurasa wa nne nimeuchana, na sitakurudishia.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ndani ya treni. Una saa nyingi. Ukitaka kumwambia Mjomba Bakari kwamba sasa unajua, mpigie kabla hujaondoka. Mpe salamu, usimpe pole, amezichoka.

Na barua hii usiifiche. Mpe meneja wako, mpe na yule mshauri aliyeandika ile sentensi ya kwanza. Haya ya mwisho ni yao.

Ninyi wawili sijawahi kuwaona, na binti yangu anawaheshimu. Mmemtuma akasome maneno yenu kwa sauti yake, ili siku ikiharibika jina la chini liwe lake. Nimekuwa jina la chini, najua lilivyo zito. Basi Jumatatu msimtume peke yake. Shukeni ghorofani wenyewe. Simameni kwenye mlango wa chumba cha baridi saa zamu zinapopishana, wakati bado zinapishana, na msikilize wanachoambiana. Kabla hamjaondoa hata dakika moja ya muda huo, mwambieni kila mmoja wao awaonyeshe kwa mkono wake kesho atafanya nini. Kuna mmoja atakayewajibu kwa swali, kwa sauti ya chini, watu wakishapita. Mjibuni yeye kwanza kuliko wote, siku hiyo hiyo, na msithubutu kumwambia atazoea.

Mama yako,
Rehema